Naachia

Kinondoni, Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mwanangu Tekla,

Barua hii nimeikunja pamoja na waranti yako ya gari moshi, juu ya sanduku, palepale ulipoiacha. Nimefanya hivyo kwa makusudi. Umesema kesho asubuhi, badala ya kwenda stesheni, utaichukua waranti hiyo umrudishie mwalimu mkuu, na nafasi yako ya chuo cha ualimu apewe msichana mwingine. Sasa huwezi kuichukua bila kuishika barua hii kwanza. Isome mpaka chini, halafu ufanye utakavyo. Sitakuzuia, na hata nikitaka kukuzuia, wewe una miguu na mimi sina.

Najua unashangaa. Mtu gani anamwandikia barua binti anayelala chumba cha pili, ambaye sasa hivi yuko kanisani na wanakwaya wenzake na atarudi kabla jua halijachwa? Mwanangu, nimejaribu kwa mdomo. Wiki hii nimekuita mara tatu, na mara zote tatu nimeishia kukugombeza. Juzi ulikuja ukakaa mbele yangu, nikakutazama, nikasema, "Mbona chumvi imezidi kwenye mchicha?" Mchicha wenyewe nilikuwa nimepika mimi. Wewe ulicheka, mimi nilitamani kulia.

Baba yako yuko barazani na karabai ya mteja. Leo ulipotoka tu kwenda misa, aligeuza kiti chake akanikabili mlangoni. Alisema, "Mama Tekla, siku zimekwisha. Utamwambia wewe, au nimwambie mie?" Nikamjibu kwamba nitaandika. Akaniletea kalamu na chupa ya wino, akaitua mezani kwa kishindo hata wino ukarukia kitambaa. Nikiandika, namsikia anagongagonga bati. Nikiacha, naye anaacha.

Sitakuandikia habari za kufua sare, wala kusali, wala wavulana. Hayo unayajua, na yale usiyoyajua huwezi kuyafuata hata nikiyaandika kwa wino mwekundu. Nataka kukuandikia habari ya maneno uliyoniambia Jumatano. Nilikuuliza kwa nini hutaki kwenda, ukasema, "Nani atawasukuma, mama?" Nikasema watu wapo. Ukainama, ukawa unachezea ncha ya kanga, ukasema, "Mie niliachia mara moja, mama. Yatosha." Ukatoka kwenda kuteka maji. Hukujua kwamba baba yako alikuwa dirishani.

Tekla, siku ile ya mteremko wa Msimbazi unaikumbuka vibaya. Na aliyekufanya uikumbuke vibaya ni mimi.

Ngoja nianzie mbali kidogo, maana nikianzia hapo nitaitupa kalamu.

Wewe umezaliwa umevikuta viti viwili vya magurudumu nyumbani kama wenzako walivyovikuta vinu na mitungi. Hukuwahi kuuliza vilitoka wapi. Cha baba yako kilitoka hospitali, kile kizito cha mbao na chuma, walipomaliza kumtibu baada ya toroli la mkonge kumkata miguu. Mimi miguu yangu ilipooza nikiwa mdogo kuliko ninavyoweza kukumbuka, huko kwetu Uluguru, na mpaka nilipokutana na baba yako nilikuwa nabebwa mgongoni au natambaa. Masista ndio walionifundisha kushona kwa cherehani ya mkono. Baba yako aliletwa misheni kutengeneza saa ya ukutani, akanikuta nimekaa mkekani. Hakunisalimia kwa sauti ile ya kuombolezea mgonjwa. Alinitazama akasema, "Wewe unahitaji magurudumu." Basi huo ndio uchumba wenyewe. Alichukua kiti cha mikono cha sebuleni kwa padri, akakifunga magurudumu mawili ya baiskeli na moja dogo nyuma, na siku nilipokikalia nikazunguka uwanja mzima wa misheni mpaka viganja vikachubuka.

Watu walisema. Ndugu zake walisema, ndugu zangu walisema, hata mpishi wa misheni alisema: vilema wawili watatunzana vipi? Mmoja akianguka, mwingine atamwinuaje? Nilikuwa na ulimi mkali tangu zamani. Niliwajibu wote kwamba tutatunzana kuliko wao wenye miguu minne kitandani. Kiburi hicho ulikijua toka utotoni. Ukumbuke Kariakoo, mwenye duka aliponipita kichwani akakuuliza wewe, "Mama yako anataka kitambaa cha rangi gani?" Nilikuwa nimekufundisha, ukamjibu, "Muulize mwenyewe, masikio anayo." Ulikuwa na miaka saba. Nilifurahi siku nzima.

Lakini Kinondoni ni mchanga. Kwenye barabara ngumu mimi na baba yako tunajiendesha wenyewe, tena kwa mashindano. Kwenye mchanga gurudumu linazama na tunakwama kama nanga. Ndipo ulipoanza kutusukuma, ungali mdogo, kichwa chako hakijafika kwenye vishikio. Viti viwili, msukumaji mmoja. Ulikuwa unamsukuma baba yako mpaka kwenye kivuli, unamwacha hapo, unarudi mbio kunichukua mimi, unanipitisha mbele yake, unaniacha, unamrudia yeye. Kila njia uliipita mara tatu. Watu wa hapa wanaokwenda sokoni mara moja hawajui umetembea kiasi gani. Mimi najua, kwa sababu nilikuwa nimekaa.

Na neno lile, "Naachia," unakumbuka lilivyoanza? Ulikuwa na miaka sita, tulipokwenda Morogoro kwenye harusi ya mdogo wangu. Mkata tiketi wa gari moshi alitukatalia viti. Alisema viende na mizigo, na sisi tutabebwa tuingizwe kwenye behewa la abiria.

"Na nikitaka kushuka?" nikamuuliza.

"Utabebwa."

"Na nikitaka kwenda haja?"

Akaona haya, akamgeukia baba yako. "Bwana, hebu zungumza na mkeo."

"Zungumza naye wewe," baba yako akamwambia. "Mie mwenyewe ananishinda."

Tukasafiri sote watatu katika behewa la mizigo, katikati ya magunia ya chumvi na matenga ya kuku, wewe mapajani kwangu, mlango wazi, na nchi yote inapita mbele yetu. Ile ndiyo safari niliyoifurahia kuliko zote. Nimeshakwenda nyingine nyingi, hata kwa pantoni mpaka Kigamboni, lakini hakuna iliyofikia ile.

Ila tuliposhuka Morogoro, mpagazi alikuwa anamsukuma baba yako, mtu akamwita kwa nyuma, naye akageuka akaviacha vishikio bila kusema kitu. Jukwaa lilikuwa na mwinamo ambao mwenye miguu hauoni. Kiti kikaanza kwenda chenyewe kuelekea ukingoni. Gurudumu dogo likanasa kwenye ufa wa saruji, kikasimama. Mpagazi alicheka, akaona ni mchezo. Baba yako alikuwa ameloa jasho mpaka shingoni. Kesho yake, watu wakicheza ngoma ya harusi, yeye aliomba panga na kipande cha mninga, akachonga kabari mbili, upande mmoja mnene na upande mmoja mwembamba. Kila moja akaipigilia kwenye fimbo, ili aliyekaa aweze kuisukuma chini ya gurudumu bila kuinama. Akatuita mimi na wewe, akatoa sheria. Anayesukuma aseme "Naachia." Asiondoe mkono. Aliyekaa aweke kabari, aitazame kwa macho yake, ndipo ajibu "Achia." Asipojibu, usiachie hata kama nyumba inaungua.

Wewe ukaifanya mchezo. Ukinipa kikombe cha chai ulisema "Naachia," na hukukitoa mkononi mpaka niseme "Achia." Ukimpa baba yako bisibisi, hivyohivyo. Wageni walicheka. Wakati mwingine ulipokuwa unalala mapajani kwangu, nami nataka kukutua mkekani, nilikunong'oneza "Naachia," na wewe, macho umefumba, ulijibu "Achia." Sauti hiyo bado iko masikioni mwangu, na leo inaniuma.

Sasa siku yenyewe.

Ulikuwa na miaka kumi. Tulikuwa tunapeleka gauni la hariri la binti wa Bi Sakina, yule mke wa Mhindi wa duka la vitambaa Kariakoo, na ilikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa. Baba yako alikuwa na mfuko wa saa za mkono alizotengeneza, ameutundika nyuma ya kiti changu kwa sababu changu hakitikisiki sana. Tukafika mteremko wa kushuka Msimbazi. Ulimteremsha baba yako kwanza mpaka pale panapopinda, akaweka kabari, akageuka kututazama. Ukapanda kunichukua mimi. Tulipokuwa nusu ya njia, kitanzi cha mfuko kikakatika, saa zikaanguka nyuma yetu.

Ukasema, "Mama, mfuko wa baba umeanguka. Naachia."

Ulisema, Tekla. Ulisema vizuri, kwa sauti, kama ulivyofundishwa. Na mkono hukuondoa.

Mimi nilikuwa nimefunua karatasi kutazama kola ya gauni. Nilikuwa nimeona uzi umebaki. Nikauinamia nikauuma kwa meno, kama tunavyofanya mafundi, na uzi ukiwa mdomoni nikajibu, "Achia." Nilijibu kama mtu anavyojibu "marahaba" bila kumtazama aliyemwamkia. Kabari ilikuwa imetundikwa pembeni ya kiti. Sikuigusa.

Ndipo ukaachia, kwa sababu mama yako alikuambia uachie.

Kiti kilipoanza kwenda nilikuwa na nafasi ya kushika magurudumu. Mikono yangu ina nguvu, unaijua. Lakini mikono yangu ilikumbatia gauni, lisije likaanguka mavumbini. Nasema kweli mbele ya Mungu, hilo ndilo nililolishika. Baba yako aliona. Aling'oa kabari yake, akakikinga kiti chake njiani kwa ubavu, na nilipomfikia akanyoosha mkono wa kulia kulidaka gurudumu langu. Mkono ukaingia kwenye spoki.

Gauni halikupata hata chembe ya vumbi. Bi Sakina alilisifia sana.

Tulipofika kwa dresa, alikuwa anafunga ule mkono, vidole viwili vimevunjika na kidole gumba kimepasuka, akauliza tu, kama watu wanavyouliza, "Nani alikiachia kiti?" Chumba kilikuwa kimejaa. Watu waliokuwa wametusaidia njiani walikuwa wamesimama mlangoni, wanangoja kusikia. Wewe ulikuwa umesimama pembeni, mfuko wa saa umeukumbatia kifuani, miguu imejaa vumbi. Nami nikasema, "Mtoto aliachia."

Wala haukuwa uongo, ndivyo nilivyojiambia miaka hii yote. Mtoto kweli aliachia.

Hukulia, wala hukubisha. Hukusema, "Lakini mama, ulisema achia." Mpaka leo sijui kama uliusahau mdomo wangu ulivyosema, au ulikumbuka ukaamua kunisitiri mbele ya watu. Nimekaa na swali hilo miaka minane. Kama ulisahau, nimekuibia. Kama ulikumbuka, mtoto wa miaka kumi alinishinda utu, na sijui nikutazame vipi.

Sikusema uongo ule kwa kumwogopa baba yako. Niliwaogopa wale wa mlangoni. Wote waliotutabiria tutaangushana walikuwa wamesimama pale, hata wale ambao hawakuwapo. Ningesema nilisahau kabari mimi mwenyewe, mtu mzima, fundi, mwenye ulimi wangu mrefu, wangetingisha vichwa wakaenda kusimulia: tulisema, hawa hawawezi. Lakini mtoto akikosea, ni mtoto tu, watu husema "pole" na kusahau. Nilidhani nawe utasahau. Basi kosa langu nikakuvika wewe, kama ninavyomvika mteja nguo kumpima, nikidhani nitakuvua kesho. Kesho yenyewe haikufika. Kila siku iliyopita ilikuwa inabana zaidi.

Niliona, mwanangu. Usidhani sikuona. Tangu siku ile hujasema "Naachia" tena, si kwa kiti wala kwa kikombe. Unashikilia vishikio mpaka nimeweka kabari, halafu unazunguka unainama unaitazama mwenyewe, unaigusa kwa mguu, ndipo unaondoka. Wenzako walipokuwa wanacheza rede uwanjani, wewe ulikuwa unakuja kuchungulia mlangoni kila mara. Watu walinisifu kwa mtoto mwema. "Una bahati, Mama Tekla, binti habanduki." Nami nilipokea sifa hizo, nikanyamaza, nikashona.

Na baba yako alijua. Nilikuwa nimepaza sauti vya kutosha, na yeye alikuwa ametega sikio akingoja neno hilohilo. Siku ya tatu, homa ilipomtoka, aliniuliza kitu kimoja: "Kabari?" Nikatazama pembeni. Hakuuliza tena. Vidole vile havikukunjika tena sawasawa, na mtu asiyeweza kukunja vidole hawezi kushika skrubu ndogo kama punje ya uwele. Saa za mkono zikaisha. Akahamia kwenye karabai na majiko ya pampu, na ile lenzi yake ya jichoni akaifunga kwenye leso akaiweka chini kabisa ya sanduku. Sikuwahi kumsikia akilalamika, nami nikadhani amenisamehe. Kumbe alikuwa ananingoja. Jumatano, ulipotoka na ndoo, aliingia ndani akanisimulia maneno yako neno kwa neno, kana kwamba sikuwapo. Halafu akasema, "Mkono ni wangu, nilikupa zamani. Lakini mtoto huyu hutamtumia kufunikia aibu yako." Katika ndoa yetu yote hajawahi kusema nami hivyo. Siku nne sasa tunasalimiana kama wapangaji.

Wewe ulidhani tumenuniana kwa sababu ya safari yako. Sababu ni hiyo niliyoiandika hapo juu.

Unakwenda kuwa mwalimu, nasema unakwenda, kalamu imeshatangulia. Utakuwa na watoto arobaini mbele yako, na ipo siku kitu kitavunjika darasani na mtu atasimama mlangoni kuuliza nani. Sina cha kukufundisha juu ya siku hiyo. Nakuambia tu kwamba mtoto aliye karibu ndiye mwepesi kuliko wote kubebeshwa, na kwamba haichukui hata pumzi moja. Maneno yangu yalikuwa mawili.

Sasa kuhusu nani atatusukuma.

Umeona njia ya makumbi ya nazi kutoka mlangoni mpaka barabara ngumu. Uliniuliza mwezi uliopita, nikakuambia ni kwa ajili ya matope ya masika. Nilikudanganya tena, ila uongo huu siuungami kwa padri. Kila ulipokuwa shuleni, baba yako alikuwa anayatandaza, kumbi moja moja kutoka mapajani, halafu anapita juu yake na kile kiti chake kizito kuyashindilia. Nilimtania kwamba amekuwa mashine ya kutengenezea barabara ya serikali. Sasa gurudumu halizami.

Jumanne iliyopita, ulipokwenda Magomeni kununua sanduku, sisi tulitoka. Wawili tu. Hatukukuambia kwa sababu ungetuzuia. Tulipita kwenye makumbi, tukashika barabara, tukafika mteremko uleule. Tekla, nilitetemeka. Miaka yote hii hukuwahi kuniona nikitetemeka pale kwa sababu ulikuwa nyuma yangu. Baba yako alifunga kamba ya katani kati ya viti vyetu, yeye juu na mimi chini, akawa ananizuia huku anaweka kabari na kuitoa, kipande kwa kipande. Kila tuliposimama alisema, "Naachia?" Nami niliinama nikaitazama kabari yangu kwa macho kabla ya kujibu. Tulichukua muda mrefu mno. Baiskeli zilitupita, wanawake wenye vikapu walitupita, bata mmoja naye alitupita. Tulifika chini. Viganja vyangu vilivuja damu na nilikuwa nacheka kama mwehu.

Kupanda hatukuweza. Ni kweli, hatukuweza, na sitakuficha. Tulikaa pale bondeni jua likiwa kali, na baba yako akawa ananitazama. Alikuwa anangoja nifanye jambo ambalo sijalifanya maisha yangu yote. Akapita mwanamume mmoja na gunia la mkaa begani. Nikakohoa. Nikasema, "Ndugu yangu, tusaidie kidogo. Naomba unisukume."

Akatua gunia. Hakucheka wala hakunihurumia, aliuliza tu ashike wapi. Nikamfundisha: kabla hujaondoa mkono, sema "Naachia," na usiondoe mpaka nijibu. Akaniona mwanamke wa ajabu, lakini alisema. Alinisukuma mpaka juu, akarudi akamsukuma baba yako, akashuka tena kufuata gunia lake. Alipanda njia ile mara tatu. Nilipomwona anashuka nilikukumbuka wewe, nikalia hadharani bila kujifuta.

Kwa hiyo watu wapo. Shida ilikuwa mdomo wangu, ulioweza kusema kila kitu isipokuwa "naomba" na "ni mimi." Jumanne mdomo huo ulijifunza la kwanza, leo unajifunza la pili kwa mkono. Sikudanganyi kwamba itakuwa rahisi. Siku za mvua tutakaa ndani tutazamane. Kuna siku mmoja wetu ataanguka na mwingine atapiga kelele mpaka jirani aje. Tutachelewa kila mahali. Lakini hayo ni yetu, tuliyachagua wenyewe pale uwanjani kwa masista, kabla hujazaliwa.

Nikisema ukweli wote, sitaki uende. Nyumba hii bila hatua zako sijui itakuwaje. Nimekuwa na hofu hiyo tangu waranti ilipofika, na Jumatano uliposema "yatosha," kuna sehemu ndani yangu ilifurahi. Ilifurahi, mwanangu. Kosa langu lilikuwa limenifungia mtoto nyumbani, na nilikuwa tayari kulinyamazia mara ya pili ili nikubakize. Hiyo ndiyo aibu kubwa kuliko ile ya kwa dresa, na ndiyo iliyonifanya niishike kalamu.

Baba yako ameacha kugonga. Nadhani anajua niko mwishoni.

Kesho asubuhi wenzako wa kwaya watakuja kukubebea sanduku, kama mlivyopatana kabla hujabadili nia. Sisi hatutafika stesheni. Tutakusindikiza mpaka mwisho wa makumbi, pale barabara ngumu inapoanzia. Nitakuwa mbele na baba yako atakuwa nyuma yangu. Ukiwa umeamua kwenda, njoo nyuma ya kiti changu kama zamani, shika vishikio, useme lile neno ambalo sijalisikia kutoka kwako miaka minane. Usiiname kutazama chini. Kutazama ni kazi yangu, na ilikuwa kazi yangu siku ile pia. Huenda wakati huo sauti isinitoke, na sheria ya baba yako unaijua, bila jibu hutaondoa mkono, na gari moshi halimngoji mtu. Kwa hiyo jibu langu naliacha hapa, kwa maandishi, na jina langu chini yake.

Kabari nimeiweka, Tekla. Nimeitazama kwa macho yangu.

Achia.

Mama yako